Rudi Nyuma Wiki Tatu: Historia ya Figo, Ngozi na Tumbo

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka polepole.)

Leo tunazungumza historia, lakini historia hii inaanzia kwenye jambo unaloweza kuliona asubuhi yoyote mtaani kwako hapa kambini.

Mtoto anaamka uso umevimba. Macho hayafunguki vizuri. Anapokojoa, mkojo ni kidogo, na rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokolea. Jana alikuwa akicheza mpira na wenzake. Mama anaanza kujiuliza: alikula nini? Alikula kwa nani? Na kabla ya jua la saa sita, jina la mtu limekwisha kutajwa. Labda ni jirani aliyempa uji. Labda ni mama wa kambo. Labda ni wale waliohamia mwezi uliopita, wanaozungumza lugha nyingine.

Unajua maneno hayo yanafika wapi. Umeona familia zilizohama mtaa kwa sababu ya neno moja la uchawi au la sumu. Na wakati watu wazima wanagombana, mtoto bado amelala pale pale, bado amevimba, bado hajapimwa.

Mama hakosei kuuliza. Kuuliza ni haki yake. Shida ni kwamba anauliza kuhusu jana, na jibu mara nyingi haliko jana. Liko wiki tatu nyuma. Iliwachukua binadamu zaidi ya miaka mia moja kulijua hilo, na leo tutakusimulia walivyofika.

(Muziki mfupi.)

KIJIKO NA MSHUMAA

Twende kwanza London, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati ule mtu akivimba mwili, madaktari waliuita uvimbe wenyewe ugonjwa. Kuvimba ndio maradhi, basi. Walitoa damu mishipani, walitoa dawa za kuharisha, na wagonjwa wengi walikufa.

Mwaka 1812, daktari mmoja aitwaye William Charles Wells, wa hospitali ya St Thomas, aliandika jambo alilolishuhudia mara nyingi. Watoto waliokuwa wakiugua homa ya koo yenye vipele vyekundu walipona, wakaanza kucheza tena, kisha takriban wiki tatu baadaye wengine wakavimba uso na miguu, na mkojo wao ukawa na damu. Kumbuka hilo: walikuwa wamepona. Wazazi walikuwa wamekwisha kushukuru Mungu. Ugonjwa wa pili ulikuja wakati hakuna aliyeutazamia.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1827, daktari mwingine wa London, Richard Bright wa hospitali ya Guy's, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa wake. Bright alikuwa na kipimo rahisi sana. Alichukua mkojo wa mgonjwa, akautia kwenye kijiko, akaushika juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya ukipashwa moto hubaki maji. Lakini mkojo wa baadhi ya wagonjwa waliovimba uliganda, ukawa mweupe kama ute wa yai kwenye kikaango. Na wagonjwa hao walipokufa, Bright akawafungua, aliziona figo zao zimeharibika.

Maana yake ilikuwa wazi. Uvimbe ulikuwa dalili tu. Ugonjwa ulikuwa ndani ya figo.

Figo, kama unavyojua, ni mbili, ziko nyuma, chini ya mbavu. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Damu hupita humo mchana na usiku, uchafu hutoka kwenye mkojo, na chakula cha mwili hubaki. Kichujio kikipasuka, protini hutoka na damu hutoka. Kikiziba, maji na chumvi hurudi mwilini, na mtu huvimba. Kile kijiko cha Bright kilikuwa kinaikamata ile protini iliyopotea njia.

Kwa zaidi ya miaka mia moja magonjwa haya yaliitwa kwa jina lake Bright. Hata hivyo swali la Wells lilibaki bila jibu. Kwa nini wiki tatu? Kama ni ugonjwa wa koo, kwa nini figo iugue wakati koo limepona?

(Muziki mfupi.)

WATOTO WA VIENNA

Jibu la kwanza lilitoka Vienna, Austria, mwanzoni mwa karne ya 20, na lilitoka mahali pasipotarajiwa: kwenye dawa.

Wakati huo ugonjwa wa dondakoo ulikuwa ukiwanyonga watoto wengi Ulaya. Dawa mpya ilikuwa imepatikana. Farasi alichomwa sumu ya dondakoo kidogo kidogo, mwili wake ukatengeneza kinga, kisha maji ya damu yake yakachukuliwa na kuchomwa kwa mtoto mgonjwa. Iliokoa maisha mengi. Lakini madaktari wawili, Clemens von Pirquet na Béla Schick, waliona kwamba baadhi ya watoto, siku 8 hadi 12 baada ya sindano, walipata homa, vipele, maumivu ya viungo na uvimbe.

Kwa nini si siku ile ile? Kama maji ya damu ya farasi yangekuwa sumu, yangedhuru mara moja. Von Pirquet na Schick walitoa maelezo mapya mwaka 1905. Mwili wa mtoto, walisema, ulihitaji siku kadhaa kuunda kinga dhidi ya kile kitu kigeni. Kinga hiyo ilipokuwa tayari, ilikutana na mabaki ya kitu kigeni ambayo bado yalikuwa yakizunguka kwenye damu. Ugonjwa ulizaliwa pale walipokutana. Mwaka 1907 Schick alisema kwamba hata ugonjwa wa figo unaofuata ile homa ya vipele vyekundu una njia kama hiyo: unasubiri kwa sababu kinga inasubiri.

Leo tunaweza kulieleza kwa urahisi zaidi. Mwili una askari waitwao kingamwili. Askari hawa humkamata mdudu wa ugonjwa, humshikilia, na mara nyingi kazi huishia hapo. Lakini wakati mwingine kingamwili na vipande vya mdudu hushikamana wakawa mabonge madogo, mabonge hayo yakasafiri kwenye damu, yakakwama kwenye vile vichujio vya figo. Askari wengine huja kupigana pale pale. Wazee walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Figo ndiyo nyasi. Haikuanzisha ugomvi, na mdudu mwenyewe huenda hakuwahi kufika kwake.

Baadaye ilijulikana kwamba mdudu mkuu wa koo katika kisa hiki ni bakteria waitwao streptokoka.

MLANGO WA NGOZI

Kwa miaka mingi madaktari walilitazama koo peke yake. Kisha mwaka 1953, katika ardhi ya Wahindi Wekundu wa Red Lake, jimbo la Minnesota nchini Marekani, watoto wengi walianza kuvimba na kukojoa damu kwa wakati mmoja. Wengi wao walikuwa na vidonda vya ngozi. Streptokoka waliopatikana walikuwa wa aina ambayo hata leo wanasayansi wanaikumbuka kwa jina la mahali hapo.

Katika kisiwa cha Trinidad, mji wa San Fernando, daktari Theodore Poon-King na wenzake waliendelea kufuatilia jambo hilo hilo kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walieleza uhusiano na upele, ule unaowasha usiku. Mdudu wa upele huchimba ngozi, mtoto hujikuna, ngozi huchubuka, streptokoka huingia, kidonda hutoa usaha na kufanya gamba. Kisha, kwa baadhi ya watoto, figo huvimba.

Hapa hesabu ya siku ina maana. Ugonjwa ukianzia kooni, figo huonyesha dalili baada ya wiki moja hadi tatu. Ukianzia kwenye ngozi, huchukua wiki tatu hadi sita. Kidonda kinaweza kuwa kimekwisha kukauka, kovu tu limebaki, na mama hana sababu ya kukifikiria.

Ndugu msikilizaji, tazama mazingira yetu. Watu wanalala wengi kwenye turubai moja. Maji ni ya foleni, na sabuni ya mgao huisha kabla ya mwezi. Upele unaingia nyumba moja na kumaliza mstari mzima. Hatusemi hivyo kumlaumu mama yeyote kwamba ni mchafu. Watoto wa Red Lake na wa San Fernando nao waliugua kwa sababu ya msongamano na uhaba, na mama zao waliwapenda kama wewe unavyompenda wako.

(Muziki mfupi.)

MLANGO WA TUMBO: SUMU INAYOSAFIRI

Mlango wa tatu ni tumbo. Na huu una njia mbili, ambazo hatutaki uzichanganye.

Njia ya kwanza inaanzia Japani. Mwaka 1897 ugonjwa wa kuhara damu ulienea nchini humo. Watu zaidi ya 90,000 waliugua, na zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikufa. Mwanasayansi Kiyoshi Shiga alichunguza choo cha wagonjwa, akampata bakteria aliyekuwa akisababisha maradhi hayo. Mpaka leo bakteria huyo na ndugu zake wanaitwa shigela kwa heshima yake, na sumu wanayoitoa inaitwa sumu ya Shiga.

Jina hilo huenda hulijui, lakini wengi miongoni mwetu tunaujua ugonjwa wenyewe. Kuanzia mwaka 1979 aina kali kabisa ya shigela ilienea Zaire, Rwanda na Burundi. Julai mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda waliokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Kuchimba choo kulikuwa kazi ngumu, kuchimba kaburi vile vile. Kwanza kikaja kipindupindu, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi mno kwa magonjwa ya kuhara, na wale shigela walikuwa wamekwisha kuzizoea dawa za kawaida. Kama ulikuwepo, au ulizikwa ndugu zako pale, hatuhitaji kukueleza zaidi. Tunawakumbuka.

Sasa, kwa miaka mingi madaktari walijua pia ugonjwa mwingine ambao hawakuuelewa. Mtoto anaharisha damu, kuhara kunaanza kutulia, kisha ghafla anapauka, anaacha kukojoa, figo zinasimama. Ugonjwa huo ulipewa jina Uswisi mwaka 1955, lakini chanzo hakikujulikana. Mwaka 1983, huko Toronto nchini Kanada, Mohamed Karmali na wenzake walichunguza choo cha watoto wa namna hiyo. Walikuta bakteria wa jamii ya ikolai, ambao wengi wao huishi matumboni mwetu bila kudhuru mtu. Hawa, lakini, walikuwa wakitoa sumu. Na sumu hiyo ilikuwa karibu sawa kabisa na ile ya Shiga.

Bakteria wenyewe hubaki kwenye utumbo. Sumu ndiyo inayosafiri kwa damu hadi kwenye mishipa midogo ya figo, ikaijeruhi. Njia hii haichukui wiki tatu. Dalili za figo huja takriban wiki moja tangu kuhara kuanze, pengine wakati mama ameanza kupumua kwamba mtoto anapata nafuu.

Na usidhani haya ni ya maskini peke yao. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, nchi yenye mabomba na hospitali kila mji, watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walikufa kwa ikolai wa aina hiyo. Chanzo kilikuwa mbegu zilizochipuzwa na kuliwa mbichi kama kachumbari.

MLANGO WA TUMBO: ASKARI WANAOKOSEA

Njia ya pili ya tumbo ni ya kimya zaidi, na ndiyo iliyochelewa kugunduliwa.

Ilibidi kwanza kuwe na namna ya kuona figo ya mtu aliye hai. Mwaka 1951, Poul Iversen na Claus Brun wa Copenhagen, Denmark, walieleza jinsi ya kuchukua kipande kidogo sana cha figo kwa sindano. Kabla yao, huko Marekani, Albert Coons alikuwa amegundua namna ya kuzipaka kingamwili rangi inayong'aa, ili zionekane kwenye darubini kama taa gizani.

Mwaka 1968, katika hospitali ya Necker mjini Paris, Jean Berger aliunganisha mambo hayo mawili. Alikuwa na wagonjwa, wengi wao vijana, waliokojoa damu mara kwa mara. Damu ilikuja pamoja na mafua au maumivu ya koo, ndani ya siku moja au mbili, haikusubiri wiki tatu. Berger na mwenzake Nicole Hinglais waliweka vipande vya figo chini ya darubini. Vichujio viling'aa. Vilikuwa vimejaa kingamwili ya aina moja, iitwayo IgA.

Hilo lilikuwa jambo la kushangaza, kwa sababu IgA si askari wa figo. Kituo chake cha kazi ni kwenye mipaka ya mwili: mate, machozi, makamasi, maziwa ya mama, na zaidi ya yote, utumbo. Kila siku mwili hutengeneza IgA nyingi kuliko kingamwili nyingine zote zikijumlishwa. Tumboni mwetu wanaishi bakteria kwa matrilioni, wengi wao wakitusaidia. IgA ndiye mlinzi wa mpaka huo, anayewazuia wasivuke. Sasa mlinzi wa mpaka alikuwa anafanya nini ndani ya figo?

Wengine walidhani figo yenyewe ndiyo mbovu. Upandikizaji wa figo ukatoa jibu. Mwaka 1975 Berger alionyesha kwamba mgonjwa wa namna hii akipewa figo mpya nzima, baada ya muda IgA zinaweza kujaa kwenye figo hiyo mpya pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Marekani wakaeleza kinyume chake. Figo iliyokuwa na IgA ndani yake, ikiwekwa kwa mtu asiye na ugonjwa huo, ilisafika. Figo ile ile, mwili tofauti, ugonjwa ukaondoka. Basi chanzo kiko nje ya figo.

Watafiti wa Birmingham, jimbo la Alabama, wakiwemo Jiri Mestecky na Jan Novak, walionyesha kwamba baadhi ya IgA za wagonjwa hawa zina kasoro. Zimepungukiwa na sukari fulani kwenye umbo lao. Mwili huziona kama wageni, hutengeneza kingamwili dhidi yake, na yote hushikamana kuwa mabonge. Ni kama askari aliyepoteza beji, wenzake wakamdhania adui. Unaona kwamba tumerudi Vienna, kwa von Pirquet na Schick.

Na bakteria wa tumbo wanahusikaje? Mwaka 2011 watafiti wa Toronto walichunguza panya waliozaliwa na kasoro ya kutengeneza kinga kupita kiasi. Panya hao walipata ugonjwa wa IgA kwenye figo. Lakini panya wa aina hiyo hiyo waliokuzwa bila bakteria yeyote tumboni hawakuupata. Mwaka 2014, Krzysztof Kiryluk na wenzake wa New York walilinganisha urithi wa watu zaidi ya 20,000. Sehemu nyingi za urithi zinazoongeza hatari ya ugonjwa huu zilikuwa zile zinazohusu ulinzi wa utumbo dhidi ya vijidudu. Mwishoni mwa mwaka 2021 Marekani iliruhusu dawa inayofunguka mwishoni mwa utumbo mdogo, penye vituo vingi vya kinga, ili kuwatuliza askari kwenye mpaka kabla hawajafika figoni. Daktari wa Bright asingeamini: unatibu figo kwa kutibu utumbo.

Ugonjwa huu wa IgA unaonekana zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki na Ulaya, na kidogo zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo, mtoto wako akivimba hapa kambini, huenda si huu. Tumeusimulia kwa sababu ndio uliowathibitishia madaktari kwamba figo inaweza kuugua kwa ugomvi uliotokea mbali nayo. Na kuna funzo jingine. Mwanzoni ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa mwepesi kwa sababu hauumi. Baadaye ilionekana kwamba wagonjwa wengi huishiwa na nguvu za figo baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi. Damu kwenye mkojo, hata isipouma, haipuuzwi.

(Muziki mfupi.)

TURUDI KWA YULE MAMA

Sasa turudi kwa mama yetu wa mwanzo, mtoto yuko mapajani na jirani wameanza kunong'ona. Historia hii inampa nini?

Inampa maswali mapya. Badala ya kuuliza "alikula kwa nani jana", anaweza kuuliza hivi: mwezi huu uliopita, mtoto alikuwa na upele au vidonda vya ngozi? Aliumwa koo akashindwa kumeza? Ameharisha damu wiki hii au iliyopita? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo ya kumwambia mganga wa zahanati. Mwambie na tarehe kama unazikumbuka. Ukikumbuka kwamba kidonda kilikuwepo wakati wa mgao uliopita, hiyo nayo ni tarehe.

Mpeleke siku hiyo hiyo. Mtoto aliyevimba uso, anayekojoa kidogo au kukojoa rangi ya chai, anayehema kwa shida, anayeumwa kichwa sana au kupata degedege, hasubiri kesho. Pale zahanati watampima shinikizo la damu, na watachovya kijiti chenye rangi kwenye mkojo wake. Kijiti hicho ndicho mjukuu wa kijiko na mshumaa wa Bright. Kuvimba kunaweza pia kutokana na utapiamlo, na tiba yake ni nyingine, ndiyo maana kukisia nyumbani ni hatari.

Usimpe dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni za dukani. Zinaweza kuumiza zaidi figo ambayo tayari inaumwa. Usimnyweshe dawa za miti shamba za kukojosha. Akiharisha damu, usimnunulie vidonge vya rangi mbili sokoni. Kuhara damu kwingine kunahitaji dawa maalumu, na kwingine kunaweza kuwa kubaya zaidi kwa dawa isiyofaa. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, endelea kumnyonyesha, na mwende zahanati. Lakini mtoto ambaye tayari amevimba na hakojoi, usimlazimishe maji mengi. Hilo waachie wahudumu.

Habari njema ni hii. Watoto wengi ambao figo zao zimevimba kwa sababu ya streptokoka hupona kabisa, wakitunzwa vizuri katika siku zile za mwanzo zilizo ngumu. Kinachoua mara nyingi ni kuchelewa: shinikizo la damu likapanda bila kupimwa, maji yakajaa kwenye mapafu, wakati familia iko kwenye kikao cha kumtafuta mchawi.

Na kabla hata hayajatokea, kuna yaliyo ndani ya uwezo wetu. Upele ukiingia nyumbani, wote mtibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Ukimtibu mtoto mmoja, mdudu atarudi kwake kutoka kwa kaka yake usiku ule ule. Vidonda vya ngozi vioshwe kwa sabuni na vionyeshwe kwa mhudumu wa afya. Mikono ioshwe baada ya choo na kabla ya kulisha mtoto. Dumu la maji lifunikwe. Mama anayenyonyesha aendelee, maana katika maziwa yale ya kwanza yenye rangi ya njano kuna IgA tele, mlinzi mwaminifu wa utumbo wa mtoto mchanga.

Na sabuni isipotosha, tusinyamaze. Kiongozi wa mtaa na kamati ya afya wapo kwa ajili hiyo. Kudai sabuni ni kulinda figo za watoto, na sasa unaweza kueleza kwa nini.

Mwisho, ndugu zangu, tuseme neno kuhusu yule jirani aliyetoa uji. Katika kambi, mtu anayempa mtoto wa mwenzake kikombe cha uji ametoa kwenye mgao wake mdogo. Tusimlipe kwa kumtaja jina. Wells alihesabu wiki tatu mwaka 1812. Nasi tukihesabu wiki tatu kabla ya kunyoosha kidole, huenda tukamkuta mdudu wa upele mahali tulipotaka kumweka binadamu.

Ukiwa na swali, mpe mhudumu wa afya wa mtaa wako au lilete kwa wanaokusanya maswali ya kipindi. Mpe nakala hii mwenzako ukimaliza kusoma. Mpaka wiki ijayo, tunawatakia afya njema na usiku mwema.

(Muziki wa kufungia kipindi.)